Dume Huuzwa, Jike Hubaki

Anasema mchana kutwa, lakini ukimwuliza yeye ni dume au jike, hana jibu. Aliyeshindwa asihangaike kutoa mji. Mji upo, ni Isiolo, na mwenye kitendawili ni Gumato wa mtaa wa Wabera.

Kasuku huyo aliletwa na mumewe, marehemu Tadicha, siku zile za kuendesha lori. Tadicha alipofariki, mwaka wa sabini na nane, ndege alibaki akiiga kikohozi chake kila alfajiri, kile cha kusafisha koo kabla ya kutawadha. Gumato aliamka kwa kikohozi hicho, wala hakutaka kuamka kwa kingine.

Sasa Githinji mwenye hoteli akamtaka ndege awavutie wateja. Molu, mdogo wa Tadicha, ndiye aliyeangalia mali iliyoachwa, na sheria yake ilikuwa ile ya zizini: dume huuzwa, jike hubaki azae. Alimtazama kasuku mara moja, akaona kichwa kikubwa na kelele nyingi, akasema ni dume. Ijumaa baada ya swala angekuja kumchukua.

"Na akiwa jike?" Gumato akauliza.

"Akiwa jike, shemeji, simgusi. Lakini nionyeshe."

Gumato akajifunga leso kiunoni, akabeba tundu hadi soko la mifugo. Madalali wakaacha mbuzi wao wakamzunguka. Mmoja akapuliza manyoya ya tumbo, asione kitu. Mwingine akasema dume, kwa ukali wa macho. Mzee Dima akasema jike, kwa kuwa hanyamazi, na soko zima likacheka. Aliyejaribu kumpapasa kama anavyopapasa kondoo alirudi na kidole kinachotoka damu. Gumato hakucheka. Akashika njia ya ofisi ya mifugo.

Daktari Mungania alimkaribisha kiti, akamwita mama, akamweleza kwamba kasuku wa aina hiyo, dume na jike, kwa nje ni sawasawa. Kumjua ni kumpasua ubavuni achunguliwe ndani, na kiumbe mdogo hivyo huenda asiamke. Ama sivyo, kungoja yai. Gumato akafungua leso kiunoni, akalifunika tundu, akaaga.

Ijumaa Molu alimkuta ameketi mlangoni, tundu mapajani. Gumato alimpa chai kwanza, kisha akamsimulia yote, ya madalali na ya daktari, bila kuongeza wala kupunguza. Kama ni jike, hakujua.

"Basi hukunionyesha," Molu akasema, akinyoosha mkono.

Gumato hakuliachia tundu. "Na wewe hukunionyesha dume. Molu, mtamba wako akichelewa kuzaa, unamuuza?"

"Namngoja."

"Mpaka lini?"

Molu akakuna ndevu. Alikuwa na mtamba wa namna hiyo kule malishoni, aliyemngoja hata watu wakamcheka, na sasa ana ndama wawili. "Mpaka nijue," akasema polepole.

"Basi mngoje na huyu. Akitaga, ni jike, anabaki."

"Na asipotaga?"

"Atakuwa hajataga bado."

Molu akamtazama shemeji yake, akamtazama ndege, akamaliza chai iliyokwisha kupoa. Kisha akaondoka kwenda kumwambia Githinji anunue redio.