Kilingo, Kiringo, Chilingo

Kwa mara ya tatu kompyuta ilijibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Restuta akayafuta maandishi yale ya kijani upesi, kabla wagonjwa waliojipanga dirishani hawajayaona.

"Chilingo Nhembo," alirudia Hana, binti aliyesimama upande wa pili wa dirisha la masijala. "Mama alilazwa hapa. Nilikuwa mdogo, lakini hata kitanda nakikumbuka."

Mama mwenyewe alikuwa amelala kwenye benchi nyuma yake, kichwa juu ya furushi la khanga, akihema kama aliyepanda mlima. Walikuwa wamefika asubuhi ile kwa lori lililokuwa likipeleka mahindi sokoni Kibaigwa, na dereva, kwa huruma yake, aliwapitisha kwanza kwenye hospitali hii ndogo ya misheni iliyo nje kidogo ya mji. Kadi ya hospitali ilikwishaliwa na mchwa zamani. Kilichobaki ni jina tu, na jina kompyuta ilikuwa imelikataa.

Ilikuwa siku ya kwanza ya programu ya Restuta kufanya kazi mbele ya watu. Kwa miezi mitatu alikuwa ameyaingiza majalada yote ya wagonjwa kwenye mashine, zaidi ya elfu kumi na moja, moja baada ya jingine, kisha akayapanga upya kwenye rafu kwa kufuata namba. Alikuwa ameuahidi uongozi wa hospitali kwamba hakuna mgonjwa atakayekaa tena nusu siku akisubiri jalada lake litafutwe. Na kweli, tangu saa mbili, wagonjwa ishirini na sita walikuwa wamepata majalada yao kabla hawajamaliza kusalimiana na jirani kwenye benchi. Huyu alikuwa wa ishirini na saba.

Restuta alikuwa na miaka arobaini na miwili. Kumi na saba kati ya hiyo aliitumia kwenye chumba cha teleksi cha shirika moja la umma mjini Dodoma, mpaka shirika lilipobinafsishwa na orodha ya waliopunguzwa ikabandikwa ukutani, jina lake likiwa la nne kutoka juu. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua vyerehani, wengine mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta iliyotumika, ya mradi mmoja uliokuwa ukifungwa, pamoja na kitabu kinene cha kufundishia kuandika programu. Mumewe, Mwalimu Gerson, aliitazama ile mashine, akamtazama mkewe, halafu akaenda uani kuitengenezea meza.

Ratiba ya shule ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Ikafuata orodha ya mbegu za duka la pembejeo, kisha daftari la ubatizo la usharika. Hakuwa na mwajiri. Alikwenda alikoitwa, disketi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga zisiingie vumbi. Mama yake kule Kibakwe aliwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza redio, maana hilo walau lilieleweka.

Sasa vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kibodi. Programu ilikuwa na njia rahisi ya kutokea: bonyeza kitufe kimoja, jalada jipya lifunguliwe, mgonjwa wa ishirini na nane aje. Hakuna ambaye angeuliza.

Daktari Bupe, aliyekuwa zamu na aliyekwisha kumpima mama pale benchini, akatokeza kichwa mlangoni. Alisema mama yule ana kichomi, kimeshika pande zote mbili, na kwamba anataka kuanza sindano sasa hivi. Kama jalada lipo, vyema. Kama halipo, wamfungulie jingine. Angewapa dakika kumi.

Hapo ndipo Mzee Silvano aliposogea.

Silvano alikuwa karani wa masijala ile kwa miaka thelathini. Tangu Restuta aingie na mashine yake, alimsalimia kila asubuhi kwa adabu zote, akimwita Mama Ruthu kwa jina la mwanawe, akauliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza mpaka jioni. Asubuhi hiyo yote alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni nyumbani kwake. Sasa aliinama dirishani, akamtazama mgonjwa usoni kwa muda mrefu.

"Huyu namfahamu," alisema. "Mwaka wa themanini na tano. Alikaribia kufia humu ndani, na si kwa ugonjwa aliokuja nao. Kilitokea kitu. Nini hasa, nimesahau."

"Jalada lake lilikaa wapi, Mzee?"

Silvano aligeuka kuzitazama rafu. Zilikuwa zimenyooka, safi, kila moja na namba zake.

"Rafu ya pili, nyuma ya mlango, karibu na pale palipokuwa panavuja," alisema taratibu. "Ulipoyahamisha majalada, Mama Ruthu, na mimi ulinihamisha."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Restuta. Katika miezi mitatu hakuwahi kumuuliza mzee huyu swali hata moja, isipokuwa mahali pa kuchomeka waya. Alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa, baba. Niambie, mwaka ule nani alikuwa anaandika majina?"

Silvano alikitazama kile kiti. Kisha akakaa, na jinsi alivyozidi kueleza ndivyo mgongo wake ulivyozidi kunyooka. Watu wa huku, alisema, wengi waliandikwa kwanza kanisani, kwa Kigogo, na kwa Kigogo cha kanisani sauti ya *ch* huandikwa kwa C peke yake. Kwa hiyo cheti cha ubatizo cha mama huyu lazima kilisema Cilingo. Lakini mapokezi wakati ule alikaa sista mmoja kutoka ng'ambo, na kila C kwake ilikuwa K.

Restuta akaandika Kilingo. Hakuna.

"Bado," alisema Silvano. "Sista alikuwa anamsomea karani, karani anaandika. Na yule karani, Mungu amrehemu, L na R kwake zilikuwa mapacha."

Kiringo. Kioo kikatoa Kiringo watatu, hakuna Nhembo hata mmoja. Silvano akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Restuta amfahamu, akacheka. Yule karani marehemu, alisema, alikuwa mwepesi wa kusahihisha wenzake. Angesikia Nhembo, angedhani Mgogo amekosea Kiswahili.

"Huyu hapa," alisema, akigusa mstari wa tatu. "Kiringo Tembo."

Restuta hakusubiri kuisoma namba mara mbili. Alikwenda rafuni akikimbia, akavuta jalada jembamba lenye doa la maji ya mvua, akampelekea daktari. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu uliofifia, mtu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa huyu alizimia baada ya sindano ya penisilini na asipewe tena kamwe.

Daktari Bupe aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama. Kwenye sinia mbele yake sindano ilikuwa tayari. Aliichukua, akaiweka mbali, akamwagiza muuguzi alete dawa nyingine. Halafu akauliza nani amelipata jalada.

"Mzee Silvano," alisema Restuta.

"Mashine," alisema Silvano wakati huohuo.

Mama Chilingo alilazwa siku tisa. Siku ya nne alikaa kitandani akaomba uji wa uwele, na siku ya kumi akaondoka kwa miguu yake, akamsimamisha Silvano mlangoni kumsalimia. "Mbukwenyi," alimwambia, na wakasalimiana kwa Kigogo kirefu, salamu moja ikizaa nyingine, huku Hana akisubiri na furushi kichwani, akitabasamu.

Ndani ya mkoba wa Restuta kulikuwa na barua ya kampuni moja ya Dar es Salaam iliyomtaka kazini, ajira ya kudumu, ofisi yenye kiyoyozi. Jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa. Alimweleza Gerson kwamba programu yake ina kasoro: inajua kusoma lakini haijui kusikia, na mwalimu pekee wa kuifundisha anakaa Kibaigwa. Gerson akasema basi mtu haachi darasa katikati ya muhula. Restuta aliandika jibu la heshima, akashukuru, akakataa. Kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku za teleksi.

Kwa wiki sita walikaa bega kwa bega. Silvano alitaja makosa ya kila karani aliyepita pale, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaja ukoo wake. Restuta aliyageuza kuwa kanuni, akaziingiza kwenye programu. Ukiandika Chidole, sasa, kioo kilikuletea Cidole na Kidole na Chidore pia. Walibishana sana. Mara nyingine walicheka mpaka wauguzi wakaja kuchungulia.

Habari zikatoka dirishani, zikafika sokoni, zikapanda malori. Siku moja ya gulio Restuta alikuta mstari mrefu kuliko kawaida, na watu wamevaa nguo za kanisani. Aliyekuwa mbele ni bibi mmoja mfupi, mkufu wa shanga shingoni, aliyetoka upande wa Bahi.

Restuta alimwamkia shikamoo, akamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi," alijibu bibi. "Nimekuja kuandikwa. Nasikia siku hizi mnaandika vizuri."

Silvano alimvutia kiti. Bibi alikaa, akaweka fimbo na kikapu chini, akajisafisha koo. Alianza na jina lake, akalitamka polepole, silabi kwa silabi, kisha la baba yake, kisha la babu, kisha la yule aliyemzaa babu, na macho yake yalikuwa yameelekea mbali, kule juu ya bati za soko. Nafasi ya jina kwenye programu ilikuwa ya herufi thelathini. Zilikwishajaa zamani. Restuta akaendelea kuchapa.