Banda Lisilofagiwa

Habari ilimfikia Mwanaarusi ikiwa imepinda. Adow, Msomali aliyekuwa akinunua mbuzi kandokando ya mto, alipita Ndera na kumwambia kwa Kiswahili chake cha njiani, "Ndugu yako Dhadho, ngiri mbaya sana." Mwanaarusi akaelewa kwamba mdogo wake amepasuliwa na ngiri wa porini. Akamuaga mumewe, Godhana, akapanda mtumbwi uliokuwa ukiteremka Garsen, na njia nzima alikuwa akiyaona meno ya mnyama yule.

Alimkuta Dhadho nyumbani kwake, karibu na Garsen, amelala kwenye mkeka, hana hata mkwaruzo. Ngiri yenyewe ilikuwa ule ugonjwa wa kushuka kwa matumbo, na lori la kumpeleka hospitali Malindi lilikuwa likimsubiri. Kabla moyo haujamtulia akasikia mkoromo nyuma ya nyumba. Akaenda kuchungulia. Ndani ya banda la makuti alikuwamo nguruwe jike, mzito wa mimba, tumbo karibu liburuzike chini.

Kwamba Dhadho alibatizwa baada ya kufanya kazi katika shamba la mzungu huko bara, hilo alilijua, na alikwisha kulilia likaisha. Habari ya nguruwe hakuambiwa na mtu. Mke wa Dhadho alikuwa amefariki, na majirani walikuwa wamejitenga naye, sasa sababu ikaonekana.

"Dada," Dhadho alisema huku wenye lori wakimwinua, "sina mwingine. Maji na chakula mpe kwa kata ndefu, huna haja ya kumgusa. Lakini usifagie. Kinyesi kiache palepale, mwagia makapi juu yake, basi."

Lori likaondoka, Mwanaarusi akabaki ameshika kata.

Tangu utoto alifundishwa kwamba uchafu huondolewa kabla jua halijapanda. Sasa anaambiwa aufunike kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Sakafu ya banda lile ilikuwa shimo lenye kina cha kufika kiunoni, limejazwa makapi ya mpunga, majani makavu na mabua ya mahindi, na yule mnyama alikuwa akiyafukua na kuyachanganya mchana kutwa. Tena hapakuwa na harufu mbaya. Zizi la ng'ombe la Waorma, wafugaji wa kule, mtu hulisikia kabla ya kuliona, lakini hili la nguruwe, lisilofagiwa, lilinukia kama ardhi baada ya mvua. Jambo hilo lilimtia shaka kuliko ambavyo uvundo ungemtia.

Siku chache zikapita. Ndipo nguruwe akaanza kubeba majani kwa mdomo na kuyarundika pembeni, akizunguka hatulii. Mwanaarusi alimtazama, akaona kuwa mnyama anaukimbia uchafu. Akajiambia kwamba mgonjwa mwenye maumivu husema kinyume. Bila shaka Dhadho alitaka kusema fagia. Akafunga jembe kwenye upondo wa kusukumia mtumbwi, akasimama nje ya uzio, akaanza kuyavuta yale matandiko. Ya juu yalikuwa makavu. Ya chini yalitoka meusi, ya moto, yanafuka mvuke, akashangaa kuona kinyesi kimegeuka udongo. Hata hivyo hakuacha, mpaka tope la chini likaonekana. Jioni ile alioga akalala ameridhika.

Asubuhi uvundo ulimwamsha. Mkojo ulikuwa umetuama kwenye tope, na nguruwe alikuwa akisukumasukuma pua chini, akitafuta cha kurundika asikipate. Mvua ikaanza kunyesha, makuti yakavuja. Nguruwe akalala palepale kwenye maji, akaanza kuzaa.

Mtoto wa kwanza alianguka topeni, akatetemeka kidogo, pumzi ikakatika. Wa pili vivyo hivyo. Mwanaarusi alikuwa nje, upondo mkononi, na upondo haukuwa na kazi yoyote sasa.

"Astaghfirullah," alisema, wala hakujua anaomba msamaha wa lipi: kumsogelea mnyama yule au kumwacha.

Alitazama njia, hapakuwa na mtu. Akaburuta gunia la makapi kutoka ghalani, akafungua uzio, akaingia. Nguruwe alimtazama tu. Akamwaga makapi pembeni pasipovuja, akarudi kuleta jingine, akamwaga na majani makavu. Kisha akainama, akawaokota watoto waliofuata mmojammoja kwa mikono yake mitupu, akawafuta na kuwalaza kwenye makapi. Mmoja alikishika kidole chake mdomoni akanyonya. Mwanaarusi alisikia kifua kimemjaa, kama kilivyomjaa alipowanyonyesha wanawe, akaogopa mno.

Baadaye alishuka mtoni akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Mikono ikatakata. Yeye akaendelea kukaa ukingoni, hajui anangoja nini.

Dhadho aliporudi, akitembea polepole, dada yake alimweleza yote bila kuficha. Dhadho alichungulia bandani.

"Nilikwambia usifagie."

"Nilisikia. Nikadhani ni ugonjwa unaosema."

"Na ulipoingia ndani, nani aliyesema?"

 Dhadho akamwonyesha lile rundo jeusi alilolivuta nje, akamwambia achukue magunia apeleke kwenye shamba lake la ukingoni, migomba itamshukuru. Mwanaarusi hakukubali, hakukataa. Aliondoka mikono mitupu.

Pale Garsen alipita kwa Mwalimu Abdulsalam wa chuo cha Kurani. Mwalimu alimwambia kunawa kwake kumetosha, na kwamba kuokoa roho ya kiumbe si dhambi. Kuhusu ile mbolea alifikiri, akasema atawauliza masheikh wa Lamu. Swali lililokuwa likimsumbua hasa, lile la kifua kilichomjaa bandani, Mwanaarusi hakuliuliza. Hakujua linaanziaje.

Kule Ndera, masika yalipokolea na mbuzi wakaanza kukohoa kwa unyevu, alikusanya makapi ya mpunga kwa majirani akayamwaga zizini, mazito, juu ya samadi. Godhana alimkuta, akauliza mbona leo hafagii.

"Yaache," alisema Mwanaarusi. "Watalala pakavu."

Godhana akataka kujua nani kamfundisha hayo. Mkewe, aliyekuwa hajamsimulia habari ya nguruwe, aliinamisha kichwa akawa anasawazisha makapi kwa mguu, akayasawazisha mahali palepale tena na tena, mpaka mumewe akachoka kungoja, akaenda zake shamba.