Sadiki wa Saruji

Ijumaa hiyo Bibi Biasha alikuwa anapepeta ufuta uani kwake, kijijini Likunja, sanamu ya mwanawe ilipoingia na kukaa juu ya kinu kilicholazwa. Kinu kikapasuka. Bibi Biasha akasonya, maana kile kinu alikirithi kwa mama yake, kisha akaenda kusonga ugali wa watu wawili.

Hakushangaa. Kosa alilifanya mwenyewe. Mwaka juzi Sadiki alifukiwa na kifusi akichimba mtaro wa bomba la maji. Msimamizi wa mradi, Bwana Davis, akasema kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kiko Nachingwea, hakiwezi kuja kwa ajili ya mtu ambaye keshakufa. Bomba likalazwa, udongo ukashindiliwa, maji yakafika mjini Ruangwa. Mama hakupewa maiti, akapewa sanamu: Sadiki wa saruji, kashika sepetu, kasimama njia panda ya mabasi. Siku ya uzinduzi akaimwagia unga miguuni na kuita jina la mwanawe mara tatu, kama wanavyoitwa wafu makaburini. Kaburi hana, angemwaga wapi? Basi sanamu ikaitika.

Ikawa inakuja kila Ijumaa, na kila Jumamosi lori la mradi linaifuata kuirudisha njia panda. Makonda walilalamika kwamba abiria wa kushuka kituo cha Sanamuni wanapitilizwa. Jina la Sadiki hakuna aliyelitaja.

"Mama, hii ni mali ya umma," Bwana Davis alimwambia.

"Na mwanangu alikuwa mali ya nani?"

Bwana Davis akaangalia saa yake.

Ijumaa ya tano sanamu ilimaliza kula, ikasema, "Nimechoka kusimama, mama. Nizike."

Shehe Uwesu aliuliza tu kama ni Sadiki. Mama akasema ni yeye, hakuna mwingine. Wakamwosha, wakamvika sanda, sepetu ikabaki inachungulia nje. Jeneza lilivunjika mara mbili njiani, wanaume kumi na wanane wakahema na kutukana chini chini, lakini alasiri Sadiki alikuwa ardhini. Bibi Biasha akalia kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Jamani, alilia! Jioni akalala usingizi mzito.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, kijiko kilikuwa kimeshafika kutoka Nachingwea. Walichimba taratibu, mwishoni kwa mikono, Bwana Davis akihimiza vidole visivunjike. Wakaifuta sanamu kwa kitambaa cha maji, wakailaza garini juu ya godoro.

Bibi Biasha akamwendea dereva wa kijiko. "Mwanangu, njia yako inapita pale mtaroni. Simama kidogo tu, nakuomba. Hata mfupa mmoja."

Dereva akamtazama Bwana Davis.

"Pale chini kuna bomba, mama," Bwana Davis akasema kwa upole. "Litapasuka."

Wakaondoka. Bibi Biasha akalifukia kaburi mwenyewe kwa jembe, hadi adhuhuri, akiwalaani mmoja mmoja kwa majina yao.

Ijumaa sanamu ilikuja tena, sasa ikiburuta mguuni mnyororo uliokatika. Bibi Biasha akanawa mikono, akaipakulia, akaketi kando yake na hasira yake nzima.