Damu ya Gad

Tangu mimba ya kwanza Sidonie alijua kwamba damu yake ni kundi O hasi, damu inayopatikana kwa shida. Katika familia yao iliyotoka Uvira, Kongo, mwingine pekee aliyekuwa nayo ni Gad, mdogo wake wa kiume. Mimba ya pili ilipofika miezi minane, Gad alisimama kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mbele ya waumini wote.

"Yaya Sidonie asiogope," alisema, kwani kwao dada mkubwa huitwa yaya. "Damu yangu ni yake."

Sidonie alijifungua mtoto wa kike hospitalini Mbarara Jumatatu asubuhi. Kisha damu ikaanza kumtoka bila kukoma. Mumewe, Baudouin, akampigia Gad, aliyekuwa soko la Ngarama akinunua maharage.

"Niko njiani," Gad alijibu. Saa sita simu yake haikupatikana tena.

Eliezeri wa maabara alileta mfuko mmoja tu wa damu uliokuwepo. "Hizi ni seli nyekundu, zinabeba hewa mwilini," alimweleza Baudouin. "Chembe sahani ndizo zinaziba jeraha, na plazima, yale maji ya njano, inasaidia damu kuganda. Plazima tunayo. Seli nyekundu za kundi lake ndizo zimeisha. Huyo shemeji yako uliyesema anakuja yuko wapi?"

Baudouin alijaribu tena namba ya Gad bila kumpata. Eliezeri alipiga simu nyingi, hadi mwalimu mmoja wa mtaa wa Ruti, mwenye kundi hilo, akaacha darasa akaja kutoa damu. Jioni Sidonie alifumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Gad amefika?"

Siku ya tisa, nyumbani, Gad alikuja. Alisimama mlangoni.

"Yaya, damu yangu ina virusi vya ini. Watu wa hospitali waliipima walipokuja kuchukua damu hapa kambini, wakanikataza kutoa tena."

"Lini?"

"Iko miaka mbili."

Sidonie alimweka mtoto kitandani. "Kumbe pale kanisani ulikuwa unajua?"

"Niliogopa mutakataa kula na mimi sahani moja. Nikakosa fasi ya kuanzia kusema ukweli, nikasema tu vile kanisani."

"Ugonjwa si kosa lako, Gad. Ungeniambia, tungetafuta mtu mapema. Uliniacha nikikungojea huku ninakufa."

Gad alilia. Alimwomba amshike mtoto kidogo. Sidonie alimpa, kwa kuwa hakuona sababu ya kumnyima. Lakini Gad alipomuuliza mtoto ameitwa nani, Sidonie alitazama pembeni, na ni Baudouin, aliyekuwa ameketi kando yao, aliyemjibu.