Sindano ya Tano ya Lameki

Jikoni watu wa nyumbani walikuwa wakichambua senene, wale panzi wa kukaanga, mikono inang'oa mabawa na miguu huku midomo ikipiga soga. Lameki peke yake ndiye aliyewaangusha mmoja baada ya mwingine, mpaka mama yake akamtania, "Huko vitani ulifundishwa kupiga risasi tu? Hata senene anakushinda?"

Watu wakacheka. Dada yake Kezia hakucheka. Alimvuta nje, kwenye migomba.

"Vidole vina ganzi tangu lini?"

"Vidole gani?"

"Lameki, usinifanye mtoto."

Tangu sindano ya tatu, akakiri. Kesho ilikuwa ya tano. Huo ulikuwa mwaka themanini na tisa, na Kamachumu nzima ilijua madoa ya zambarau usoni maana yake ni Ukimwi. Ukiwa nayo, watu wanakusalimia kwa mbali. Lameki alikuwa nayo matatu, na dawa ya daktari wa Bukoba ilikwisha kufuta mawili. Wiki mbili mbele binti yake Kokugonza angepata kipaimara, na baba mtu alitaka kuingia kanisani na uso wake wa zamani. Basi. Kupona hakukuomba.

Kezia alifundisha biolojia, kwa hiyo alijua kinachotokea, na kujua huko kulimkera. Ndani ya kila seli mna vijirija vyembamba vya protini, na protini nyingine za kuvipanga na kuvishikilia. Seli ikitaka kujigawa, huvitumia kama kamba za kuvuta chembe zake za urithi pande mbili. Dawa huvivuruga, doa likashindwa kukua. Lakini neva ndefu ziendazo vidoleni husafirisha mahitaji yao kwa vijirija hivyohivyo, na dawa haichagui. Kila mwaka alivichora ubaoni kwa chaki za rangi, wanafunzi wakisinzia.

"Ukiendelea, huenda mikono isirudi."

"Nitaifanyia nini, waitu, dada yangu? Daktari akiuliza, wewe nyamaza, asije akazisimamisha sindano."

Kesho yake daktari aliuliza kweli. Lameki akajibu hana ganzi yoyote. Daktari hakuridhika, akamgeukia Kezia.

"Mwalimu, shati lake anafunga vifungo mwenyewe?"

Asubuhi ile Kezia ndiye aliyevifunga, vyote sita. Alitamani kumzaba kaka yake kofi, alitamani kutoka mbio asionekane tena.

"Anafunga," alisema.

Siku ya kipaimara doa la tatu lilikuwa limefifia, hulioni mpaka ulitafute. Lameki alikaa benchi la mbele. Watu walimpa mkono, hata wale waliokuwa wakizunguka njia kumkwepa. Kezia hakusikia neno la mahubiri. Alijigeuzageuza kitini mpaka jirani akamkodolea macho.

Baada ya ibada Kokugonza alimkimbilia baba yake, gauni jeupe limeshikwa juu lisiburuzike. Lameki akamshika mashavu kwa mikono miwili. Akabonyeza kidogo, akahamisha vidole, akabonyeza tena. Kisha akamtazama dada yake, na tabasamu likamfutika usoni.

"Kezia," alisema polepole, "mguse wewe, uniambie yukoje."