Faili 0417

1.

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE WA ZAHANATI

Kwa kutii sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, kuanzia Jumatatu:
(a) kila mtumishi atakuwa na neno lake la siri, wala hatampa mwenzake;
(b) mfumo utajifunga wenyewe ukiachwa wazi dakika tano;
(c) kumbukumbu za nani amefungua faili gani zitasomwa, pamoja na za nyuma;
(d) karatasi iliyobandikwa chini ya mizani ya watoto iondolewe leo.

Mganga Mfawidhi

2.

Karatasi aliibandua Sekela, mtunza kumbukumbu. Ilitoka na rangi ya mizani. Miaka sita wauguzi wote waliingia kwenye mfumo kwa neno lile moja lililoandikwa hapo, na hakuna aliyeona ubaya. Hapo Tukuyu, kumnyima mwenzako neno la siri huku wagonjwa wamejaa benchi ni roho mbaya, kama kumnyima jirani moto wa kuwashia jiko.

Neno la wauguzi lilifungua mafaili ya siku hiyo tu. La Sekela lilifungua yote.

3.

Yaliyosikika benchini:

— Mke wa Ambakisye karudishwa kwao.
— Kisa?
— Kijiti cha uzazi wa mpango. Kumbe anacho mkononi miaka mitatu, na mama mkwe anasubiri mjukuu.
— Nani kasema?
— Watu.

4.

Watu.

5.

Lusajo, fundi wa mfumo, alisoma kumbukumbu za nyuma kama tangazo lilivyotaka. Aligeuza kompyuta Sekela aone.

9 Machi, saa 6:04 mchana. Sekela Mwakalobo. Faili 0533.
9 Machi, saa 6:19 mchana. Sekela Mwakalobo. Faili 0417.

Faili 0533 ni la Sekela mwenyewe. Faili 0417 ni la Atuganile, mke wa Ambakisye.

Lusajo alisema kwa upole kwamba mwenye faili lazima aandikiwe kabla ya Ijumaa. Hakumtazama usoni.

6.

Msomaji, usimhukumu upesi. Tarehe 9 Machi Sekela hakuwa mezani kwake. Alikuwa wodi ya wazazi, ameuma khanga. Aliyemshika mkono ni Tumpe, mkunga. Tumpe ni dada yake Ambakisye.

"Nipe neno lako, dada, nikuandikishe."

Uchungu ukapanda. Sekela akalitaja, herufi moja moja. Robo saa baadaye Tumpe akatoka tena, akasema anakuja sasa hivi. Akarudi kweli. Saa sita na nusu mtoto akalia mikononi mwake, na jioni ile akapewa jina la Tumpe.

7.

Anayoyajua Sekela:

kwamba bila Tumpe mtoto asingepona, kwa sababu kitovu kilimzonga shingoni
kwamba Tumpe akitajwa atafukuzwa kazi
kwamba neno lilitoka kinywani mwake yeye, si mwa mwingine
kwamba Atuganile analala kitanda cha utotoni mwake
kwamba

8.

RASIMU

Ndugu Atuganile,
Tunasikitika kukujulisha kwamba taarifa zako za afya zilifunguliwa bila idhini yako tarehe 9 Machi na

9.

Angeweza kuituma. Aliipeleka mwenyewe, mtoto mgongoni.

Atuganile alikuwa uani kwa mama yake, anamenya maharage. Aliisoma barua mara mbili. Sekela alieleza kwamba sasa mfumo umefungwa vizuri, kila mtu ana neno lake. Alijisikia aibu kulisema hilo, lakini alilisema.

"Siku nilipowekewa kijiti nilikuuliza kama kuna mtu mwingine ataona," alisema Atuganile. "Ukaniambia hakuna."

"Nilikwambia."

"Hapa mwisho hamjamaliza."

Maganda ya maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Mtoto akakohoa, na Atuganile akainua macho kumtazama, kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Mmempa jina la nani?"

Sekela akaona hawezi kudanganya kuhusu jina la mwanawe. Akalitaja.

Mikono ya Atuganile ikatulia. Akaichukua barua, akaitandaza juu ya ungo, akaweka kidole pale sentensi ilipokatika.

"Basi andika."

Peni ilikuwa mfukoni mwa Sekela, mahali pake pa kila siku.