Springi za Njano

Kwenye karakana ya Fundi hakuna aliyewahi kutoka na uma mpya wa baiskeli, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, bila kupanda mizani. Ilikuwa mizani ya magunia, ya bamba pana la chuma, imewekwa mlangoni ili asiwepo wa kusema hakuiona. Unapanda na kofia yako ngumu, viatu na mkoba mgongoni, halafu Fundi anasoma uzito kwa sauti. Mwembamba alichekwa, mnene alichekwa, na aliyekuja kuziba pancha tu alibaki ili naye apate cha kucheka. Lakini haukuwa mchezo. Uma wa baiskeli ya kushukia milima una springi ndani ya mabomba yake, na springi huchaguliwa kwa uzito wa mtu. Fundi unaweza kumdanganya. Mlima haukufichii siri.

Asubuhi moja akaingia Radi, akikokota baiskeli yake. Alikuwa mume wa Fundi kabla hawajaachana. Zamani alishuka kilima cha machimbo kwa kasi iliyompa jina. Siku hizi jezi ilimbana tumboni kama foronya iliyoshindiliwa mito miwili. Nyuma yake alikuja mchumba wake, tumbo limeanza kuchomoza, simu mkononi, anarekodi.

"Naona umeleta mgeni," akasema jirani mshona nguo, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. "Au wageni, nikihesabu vizuri."

Radi akapita moja kwa moja hadi ukutani. Akaugusa uma wa bega moja, akauacha. Akashusha ule wa mabega mawili, ambao mabomba yake hupanda mpaka juu na kubanwa pande zote mbili za shingo ya baiskeli.

"Huu hapa. Jumapili naruka lile pengo la machimbo."

Fundi akajifuta mikono. "Kwa kuruka unafaa, na fremu yako inauhimili. Ila chukua wa upepo. Ukiona unazama sana, unaongeza kwa pampu huko huko nyumbani."

Hapo alikuwa anamsitiri. Uma wa upepo mtu anaujaza mwenyewe, kimya kimya, wala jirani hajui.

"Wa upepo wape watoto. Mimi nataka wa springi."

"Basi panda mizani."

Radi akaitazama mizani, akaitazama na ile simu. "Kilo sabini na mbili. Sijabadilika tangu tuachane."

Karakana ikakohoa. "Sabini na mbili ni mguu upi, shemeji?" akauliza Redio. "Wa kulia au wa kushoto?"

"Hapa kila mtu hupanda," Fundi akasema. "Hata mimi nilipanda."

"Panda, baba, tumalize," Redio akadakia. "Mficha uchi hazai."

Radi akageuka taratibu. "Mbona huyu Fundi wenu hakuficha? Miaka yote ile hakunificha kitu, na hakuzaa." Akaweka kiganja juu ya tumbo la mchumba wake. "Kitu kizito alichowahi kubeba huyu ni spana."

Mchumba akacheka kwa pua, kisha akainamisha uso. Angecheka yeye peke yake, Fundi angemeza. Lakini kule nyuma, kwenye benchi la wateja, wawili watatu nao walicheka, maana ndivyo walivyozoea humo ndani: kikisemwa, kinachekwa. Ni watu aliokuwa akiwapa chai kila siku.

Droo ilikuwa wazi. Springi nyekundu ni za watu wazito, za bluu wa kati, za njano wepesi. Mkono wa Fundi ulikuwa umekwisha kuishika nyekundu. Alikuwa amekata shauri amtilie hiyo bila kumwambia, aondoke na fahari yake. Akairudisha.

"Sabini na mbili," akatangaza, kama anayesoma mizani. "Njano."

"Fundi," Redio akamwita, chini chini.

"Mteja ameshasema."

Akaufunga uma vizuri, hakuacha boliti hata moja ikiwa imelegea. Radi alipokaa juu ya baiskeli, uma ulididimia karibu nusu, akiwa bado hajaondoka hata hatua moja. Waliokuwepo wote waliona.

"Laini kama godoro," Radi akasema.

"Dada," mchumba akauliza, simu ameishusha, "huo hauzami sana?"

Fundi alikuwa anapanga spana zake. "Muulize mwenye uzito wake, mdogo wangu."

"Twende zetu," akasema mwenye uzito wake.

Jumapili karakana nzima ilihamia machimboni. Radi aliruka vizuri, hilo hakuna anayemnyima. Kwa kitambo kile angani alikuwa Radi yule wa zamani. Halafu akatua. Uma ukazama wote, chuma kikagonga chuma, na mpanda baiskeli akapita juu ya usukani wake hadi kwenye mawe. Simu ya mchumba iliendelea kurekodi mchanga.

Nyonga ilivunjika. Daktari akasema atatembea, kwa kuchechemea, ila baiskeli aisahau. Habari ya mwisho aliileta Redio: kabla ya kumpasua walimpima, ili wajue kiasi cha dawa ya usingizi.

"Tisini na nane," akasema. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu benchi lilijaa kama kawaida. Akaja mpeleka vifurushi, mteja wa siku nyingi, anataka uma. Hakungoja kuambiwa, akavaa kofia, akapanda mizani. Fundi akainama asome.

"Ngoja kidogo, Fundi," yule bwana akasema, kwa adabu. "Redio, njoo unisomee wewe."

Redio akaweka kando shati alilokuwa akilishona. Akasoma kwa sauti ya chini, ya kuwafikia mteja na Fundi tu.

Fundi akaenda kwenye droo, akarudi na springi. Mpeleka vifurushi akaichukua mkononi mwake, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaanza kuigeuza geuza aone rangi.